Shajara ya mradi: taa za angani Dodoma, kiangazi cha 2025

Mwanzoni mwa Juni

Mvua zilishakatika, anga limefunguka, na simulizi za taa zimerudi kama kila kiangazi. Mwaka huu tumeamua kuzifuatilia kwa mpango. Tuko watatu. Mimi kazi yangu ya mchana ni upimaji wa viwanja. Mwenzangu mmoja ni bodaboda wa Nkuhungu, usiku wake mwingi unaishia barabarani. Wa tatu ni muuguzi katika zahanati ya kijiji wilayani Chamwino, na huyu ndiye tegemeo letu kubwa, maana watu humwambia mambo ambayo wangemficha hata mtendaji.

Lengo ni hili: mtu wa mkoa huu akiona kitu angani akashindwa kukitambua, tumfikie mapema, tupime alichokiona, kisha tumrudishie jibu yeye mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Nimefuatilia habari za UFO, yaani vitu vya angani visivyotambulika, tangu nikiwa sekondari, na miaka yote hiyo nimeona shahidi akihojiwa, akirekodiwa, akibishaniwa, halafu akiachwa na hofu yake ileile.

Hapa kwetu hofu hiyo ina hatari yake. Taa ikikosa maelezo husemwa ni ungo, na ungo hauruki bila mwenyewe. Anayetajwa mara nyingi ni bibi mjane anayeishi pembezoni mwa kijiji, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Nchi hii imezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, na huku katikati ya nchi nako maneno hayo yapo. Ndiyo maana naichukua kazi hii kwa uzito.

Juni, fomu

Tumekamilisha fomu ya maswali. Maswali ambayo hatuulizi kabisa ni "kilikuwa kitu gani?" na "kilikuwa na umbo kama sahani?" Historia nzima ya jambo hili ilianza kwa umbo kuwekwa kinywani mwa shahidi. Tarehe 24 Juni 1947, mwaka uleule Waingereza walipokuwa wakifyeka pori la Kongwa kwa ajili ya karanga, rubani Kenneth Arnold aliona vitu 9 vikipita kasi karibu na mlima Rainier, Marekani. Alisema vilikwenda kama sahani inayorushwa ikadunda juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Magazeti yakaandika sahani zinazoruka, na tangu hapo watu duniani kote wakaanza kuona sahani.

Kwa hiyo tunamwomba shahidi arudi pale aliposimama, usiku ikiwezekana, anyooshe mkono kuelekea alikokiona. Mimi nasoma upande kwa dira. Urefu tunaupima kwa ngumi: mkono ulionyooshwa, ngumi moja ni karibu digrii 10. Mtu aliyesema kitu kilikuwa "juu sana" akinyoosha mkono unakuta ni ngumi mbili tu kutoka upeo wa macho, na taarifa imebadilika palepale. Muda nao hatuulizi kwa saa. Mtu anayeona maajabu hatazami saa, ila anakumbuka kama adhana ya isha ilikuwa tayari, kama taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imeanza, kama daladala ya mwisho ilishapita. Dakika za tukio tunazipata kwa kumwambia aonyeshe tena kwa mkono njia kitu kilikopita, huku tukihesabu.

Kila shahidi peke yake. Hili tumelichukua kwenye tukio la Ruwa, Zimbabwe, la tarehe 16 Septemba 1994, pale watoto wapatao 60 wa shule ya Ariel waliposema wameona chombo na viumbe nje ya uwanja wa shule. Mtafiti Cynthia Hind alifika siku chache baadaye, na John Mack, daktari wa akili wa Harvard, akaja baada ya majuma kadhaa. Wengi wa watoto wale sasa ni watu wazima na bado wanashikilia walichosema, nami siwabezi. Lakini siku mbili kabla yake mabaki ya roketi ya Kirusi yaliungua angani yakionekana sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, nchi ikawa inazungumzia vyombo vya angani, na watoto walikuwa wameshasimuliana kabla mtu yeyote hajawauliza mmoja mmoja kwa kalamu na karatasi. Maelezo ya saa ile ya kwanza hayapatikani tena.

Julai

Taarifa nyingi mwezi huu ni za kitu kimoja: taa zilizopangana mstari, zinapita kimya, halafu zinazimika moja moja mahali palepale. Video zilisambaa WhatsApp kutoka Hombolo, Kibaigwa na hapa mjini jioni ileile. Ni setilaiti za Starlink, ambazo kundi lake la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019. Zikiwa bado mpya huwa zimesongamana na ziko chini, baadaye hutawanyika na kupanda hadi kilomita 550 hivi. Ardhini giza limeshaingia lakini kule juu jua bado linazipiga. Zinapofika kwenye kivuli cha Dunia zinapoteza mwanga, moja baada ya nyingine, na huko kuzimika ndiko kunakotisha watu kuliko zenyewe. Tukishaeleza kivuli, mtu hutulia.

Mbili tatu nyingine zilikuwa taa za ndege inayokuja kutua uwanja wa mjini, ikielekea moja kwa moja kwa anayetazama, hivyo inaonekana imesimama. Moja ya kuvutia ilikuwa ya mwanga mweupe unaotambaa juu ya vilima upande wa Igandu bila mngurumo: treni ya umeme ya SGR. Watu wa huko walizoea treni inayosikika kabla haijaonekana.

Agosti, kabla ya kupambazuka

Mlinzi wa shamba la zabibu upande wa Hombolo alimpigia muuguzi simu. Taa mbili nyeupe, moja kubwa kuliko nyingine, zimeshikana karibu, zinamfuata kwenye uzio kila alfajiri. Akisimama zinasimama. Akitembea zinatembea. Ameacha kuzunguka upande ule wa shamba, na mwajiri ameanza kumlalamikia.

Nilijua ni nini kabla ya kuondoka nyumbani, na bado nilikwenda. Jibu la simu lisingemtosha mtu aliyekaa na hofu hiyo peke yake. Tulifika saa kumi usiku ikiwa imepita kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Bado hazijatoka. Ngoja."

Zikatoka kaskazini-mashariki, nyuma ya mstari wa michongoma, kwanza moja kisha nyingine. Zuhura na Mshtarii. Tarehe 12 Agosti sayari hizo mbili zilikaribiana hadi chini ya digrii moja, upana wa kidole kidogo ukinyoosha mkono. Zuhura ndiyo sayari inayong'aa kuliko vyote vya angani baada ya Jua na Mwezi, na peke yake imeshafanya marubani na polisi wa nchi nyingi waandike ripoti za UFO.

Sikumwambia jina. Nilimwomba atembee kando ya uzio na mimi nitembee naye, tutazame michongoma badala ya taa. Michongoma ilirudi nyuma, taa zikabaki. Nikamwonyesha mnara wa simu wa mbali, nao ukabaki karibu vilevile. Kitu kikiwa mbali sana hatua zako hazikibadilishi mahali, na kwa kuwa vya karibu vyote vinakupita, jicho linasema kile kinakufuata. Akatembea tena peke yake, mara hii bila kuharakisha. Kisha tukaegemeza darubini ya mkononi kwenye nguzo ya uzio ili isitikisike, akatazama ile ndogo. Akakaa kimya muda mrefu.

"Ina vitu pembeni. Vidogo."

Ni miezi ya Mshtarii, ileile Galileo aliyoiandika mwaka 1610. Nikamwambia sasa majina, na nikamwambia pia kitakachotokea: kila alfajiri ile ndogo itakuwa imepanda na ile kubwa itakuwa inashuka, zikiachana. Kama nimekosea, anipigie.

Amepiga baada ya siku chache kusema zimeachana vidole vitatu. Sasa anazipima mwenyewe kila alfajiri na anamweleza mwenzake wa zamu. Upande ule wa shamba anauzunguka.

Septemba, kupatwa kwa mwezi na yaliyofuata

Tarehe 7 mwezi ulipatwa wote. Kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa nne kasoro dakika 7 ulikuwa mwekundu, na kilele kilikuwa saa tatu na dakika 11. Tulitazamia watu wengi kuwa nje, na tulitazamia taarifa. Hatukutazamia hii.

Kijiji kimoja wilayani Bahi, watu wote uani. Mwezi ulipofifia na giza kuongezeka, mtoto akaonyesha taa chini upande wa magharibi, inameta nyekundu, kijani, nyeupe, imetulia juu ya paa la bibi mmoja anayeishi peke yake mwisho wa kitongoji. Ilikaa pale. Kisha, saa tatu na robo hivi, ikazama nyuma ya nyumba. Bibi mwenyewe hakutoka kutazama mwezi. Kesho yake asubuhi hakuna aliyekwenda kuchota maji akapita kwake. Siku ya tatu ukuta wake ulirushiwa mawe.

Muuguzi alituita usiku. Tulipofika tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima, mstaarabu, na kwa haki yake niseme alikuwa ameshawakemea vijana wa mawe. Lakini naye aliiona taa. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sisemi ni yeye. Nasema niliona kwa macho yangu ilipokaa."

Nikamwomba anisimamishe alipokuwa amesimama. Dira ilisoma magharibi, kidogo kaskazini. Mkono wake ulikuwa chini ya ngumi moja juu ya upeo. Kwenye programu ya nyota ya simu niliweka tarehe 7, saa tatu usiku, Bahi. Arcturus ilikuwa palepale, karibu digrii 9 juu, ikishuka. Ni moja ya nyota zinazong'aa zaidi angani, yenye rangi ya chungwa, na ikiwa chini namna ile mwanga wake unapita kwenye hewa nene yenye vumbi la kiangazi, ambayo huukatakata rangi. Kila mwaka mwezi Septemba inatua upande ule. Mwangaza wa mbalamwezi ungeififisha siku nyingine yoyote ya mwezi mpevu, lakini usiku ule mwezi wenyewe ulikuwa umefifia, na kijiji kizima kilikuwa nje kikitafuta ishara.

Maelezo hayo nisingewapa watu kwa simu mkononi. Simu inaweza kusema lolote. Nikamwomba mwenyekiti aite vijana, hasa wale wa mawe, tukasimama pamoja uani kwake baada ya isha. Mwezi ulikuwa haujachomoza. Taa ikawapo. Ikiwa palepale, juu ya paa la bibi, ikimeta. Watu wakaanza kunong'ona.

"Twendeni hatua chache huku," nikasema, tukasogea kaskazini kando ya zizi. Taa ikawa juu ya mwembe. Tukasogea tena kusini, kupita uani, hadi karibu na barabara. Taa ikawa imekaa juu ya paa la mwenyekiti mwenyewe, juu ya bati jipya, inameta nyekundu na kijani.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliitazama nyumba yake, akawatazama wale vijana mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Mawe yako wapi?"

Nikawaambia pia kwamba kesho itatua dakika 4 mapema, na keshokutwa 4 nyingine, na kabla mvua hazijaanza hawataiona tena jioni. Kijana mmoja aliweka saa ya simu yake. Mwenyekiti anasema ameihakikisha.

Kwa bibi tulikwenda asubuhi, muuguzi akitangulia. Tulisalimiana kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, akatuletea vigoda. Macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho. Usiku ule alilala mapema kwa sababu mwezi haumfai kitu. Alisikia mawe, akadhani ni fisi wanasukuma mlango. Muuguzi amempangia safari ya kliniki ya macho. Mwenyekiti alikuja tukiwa bado pale, akakaa, akazungumza naye habari za mtama. Sikuongeza neno.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu kwenye ripoti yetu tukio hili litachukua mstari mmoja: nyota, limetambuliwa.

Oktoba, hali ya ufolojia (uchunguzi wa UFO)

Jioni hizi nasoma ripoti za wenzetu wa mbali nikilinganisha na zetu. Jeshi la anga la Marekani, katika mradi wa Blue Book uliofungwa 1969, lilikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila kutambuliwa. Mwanaastronomia wake, J. Allen Hynek, alianza akiwa mpingaji na akaishia kulalamika kwamba taarifa zilikuwa zinachunguzwa kivivu. Nusu karne baadaye sauti ni ileile. Ripoti ya ujasusi ya Juni 2021 ilikuwa na matukio 144, mengi ya marubani wa kijeshi, likaelezwa moja tu, puto kubwa lililokuwa linanywea. Julai 2023 ofisa wa zamani wa ujasusi, David Grusch, aliliambia Bunge lao chini ya kiapo kwamba serikali inaficha vyombo visivyo vya binadamu. AARO, ofisi iliyoundwa na Pentagon (wizara yao ya ulinzi) kuchunguza taarifa hizi, ikajibu Machi 2024 kwamba haikupata ushahidi wa hilo. Jopo la NASA la Septemba 2023 lilisema tatizo ni takwimu mbovu: vifaa visivyopimwa usahihi, picha zisizo na maelezo ya mahali na umbali.

Ninaamini jopo lile. Na naona nguvu kubwa ya ufolojia leo inakwenda kwenye kusubiri siri ifichuliwe Washington, wakati aliyeona taa jana usiku Mpwapwa hana wa kumuuliza. Ninaowaheshimu ni Wafaransa, ambao shirika lao la anga limekuwa na ofisi ya kazi hii tangu 1977, na Wanorwe waliopeleka vipimo kwenye bonde la Hessdalen miaka ya 1980 kwa sababu taa zilikuwa zinaonekana hapo. Wafaransa hugawa taarifa kwa herufi: A imetambuliwa, B inaelekea kutambuliwa, C haina maelezo ya kutosha, D imechunguzwa vizuri na bado haieleweki. Tumeichukua ilivyo. Faida yake kubwa ni C. Huko nje kila kisicho na maelezo huhesabiwa fumbo, kumbe mara nyingi ni taarifa tu iliyokosa saa na upande.

Wiki hii vijana wanatumiana sauti kuhusu 3I/ATLAS, kwamba ni chombo kinakuja. Kiligunduliwa Julai 1 kwa darubini ya ATLAS iliyoko Chile, ni kitu cha tatu kujulikana kutoka nje ya mfumo wa Jua letu, na kina gesi na vumbi kama nyotamkia nyingine. Profesa Avi Loeb wa Harvard ndiye aliyeleta wazo la teknolojia ya viumbe wengine. Wanaastronomia wengi hawakubaliani naye. Hata Desemba kikiwa karibu zaidi na Dunia kitakuwa mbali kilomita milioni 270 hivi. Bodaboda wetu ametengeneza sauti ya dakika moja ya kuwajibu, na imesambaa kuliko nilivyotegemea.

Katikati ya Oktoba, iliyobaki wazi

Kuna moja hatujaifunga. Wiki ya mwisho ya Septemba, baada ya isha, mwanga mmoja ulipita upande wa kaskazini kutoka magharibi kwenda mashariki, kimya, ukagawanyika vipande vitatu na kuzimika. Tuna mashahidi wawili wasiojuana: mama muuza chipsi hapa mjini na dereva wa lori aliyekuwa ameegesha Mayamaya, kaskazini mwetu yapata kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Wote walielekeza mkono kaskazini. Mama alipima ngumi tatu, dereva ngumi nne na nusu. Wote wakionyesha tena kwa mkono, mwendo wake ulichukua karibu dakika moja.

Hapa upimaji wa viwanja umenisaidia. Digrii 30 kutoka mjini na 45 kutoka Mayamaya, mistari inakutana kwenye urefu wa kilomita 55 hivi. Hata nikiweka tofauti ya digrii 5 kila upande, hesabu haishuki chini ya kilomita 30. Ndege za abiria huruka kilomita 10 hadi 12. Droni na taa za karatasi nazo haziwezi kuwa. Kimondo cha kawaida hakidumu dakika nzima. Kinachofanana zaidi ni mabaki ya roketi au setilaiti yanayoungua yakirudi, na eneo letu si geni kwa hayo: Desemba 30 mwaka jana pete ya chuma ya kilo 500, yenye upana wa mita 2.5, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Lakini kwenye orodha za mabaki yaliyorudi wiki ile sijapata linalolingana na saa na mwelekeo. Muuguzi anataka tuandike D. Mimi nataka shahidi wa tatu kwanza, kutoka mbali zaidi kaskazini, ambaye ingempita karibu na utosi.

Kwa hiyo kama ulikuwa Kondoa, Kiteto, Babati au Hanang wiki hiyo na uliona, usitafute picha wala usisome watu wanasema nini. Rudi uliposimama. Nyoosha mkono. Hesabu ngumi kutoka chini, angalia mkono wako umeelekea mti gani au paa la nani, uandike, na ukumbuke kama isha ilikuwa imeadhiniwa.